Mrusho wa Nyambizi Katika Besiboli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaojifunza

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa vijana wanaotaka kujifunza kurusha mpira wa besiboli kutoka chini, na kutoka kwa makocha wao. Majibu yametolewa kwa mrushaji anayetumia mkono wa kulia. Anayetumia wa kushoto ageuze pande tu. Kote humu, "mrusho wa juu" ni ule ambao mkono hupita juu ya bega, "mrusho wa ubavu" ni ule ambao mkono hupita sambamba na ardhi, na "mrusho wa nyambizi" ni ule tunaoujadili.

Mrusho wa nyambizi ni upi hasa?

Ni namna ya kurusha ambayo mrushaji huinamisha kiwiliwili hadi mkono wake unapouachia mpira uwe chini ya kiuno, mara nyingi usawa wa goti au chini ya hapo. Jina limetokana na chombo cha majini, kwa kuwa mpira huonekana kuibuka kutoka chini kuelekea kwa mpigaji. Japani, ambako mrusho huu umeheshimiwa kwa vizazi kadhaa, huitwa andasuroo. Shunsuke Watanabe, aliyeichezea Chiba Lotte Marines na timu ya taifa ya Japani, aliuachia mpira sentimita chache tu kutoka ardhini, na Chad Bradford wa Oakland Athletics alifahamika kwa vifundo vya vidole vilivyokwaruza udongo wa tuta (mwinuko anaposimama mrushaji) alipokuwa akirusha.

Je, ni sawa na urushaji wa softiboli?

Hapana. Katika softiboli ya kasi, mchezo ndugu wa besiboli unaotumia mpira mkubwa zaidi, mkono huzunguka duara zima kando ya mwili na kupita karibu sana na nyonga, huku mrushaji akiwa amesimama wima. Katika mrusho wa nyambizi mkono hauzungushwi. Huenda nyuma na kurudi mbele kama katika mrusho wa kawaida, ukiwa mbali na mwili, ila kiwiliwili chote kimelazwa. Mtu aliyecheza softiboli atakuwa na vidole vyepesi na hataiogopa pembe ya chini, lakini mwendo wenyewe itambidi aujifunze upya.

Sheria za besiboli zinauruhusu?

Zinauruhusu kikamilifu. Sheria humtaka mrushaji aguse ubao wa tuta kwa mguu wake wa mhimili na afuate taratibu za kuanza mwendo. Hazisemi mkono upite kimo gani. Tena kihistoria mrusho wa chini ndio uliotangulia. Katika miongo ya mwanzo ya mchezo huu nchini Marekani mrushaji alitakiwa kurusha kutoka chini, na kizuizi hicho kililegezwa hatua kwa hatua hadi mwaka 1884, National League ilipoondoa masharti ya kimo cha mkono. Kwa hiyo mwamuzi wa mashindano ya mtaani anayemzuia kijana kwa madai kwamba "huko ni kurusha kisoftiboli" anakosea, na kocha ana haki ya kumweleza hivyo kwa adabu.

Kwa nini mtu ajifunze kurusha hivi wakati karibu kila mtu hurusha kutoka juu?

Sababu ya kwanza ni mzunguko wa mpira. Mpira wa kasi uliorushwa kutoka juu huzunguka kwa kurudi nyuma, na mzunguko huo huusukuma hewani ili usianguke haraka. Mkono unapopita chini, vidole huuzunguka mpira kwa ubavuni na kwa juu yake, hivyo mpira huzunguka kwa pembeni na kidogo kwa kuelekea mbele. Matokeo yake ni mpira unaozama na kukimbilia upande wa mkono uliourusha. Mpigaji aliyelenga katikati ya mpira huipata sehemu yake ya juu, na pigo huviringika ardhini ambako walinzi wa ndani wanalisubiri. Kukiwa na mkimbiaji kwenye besi ya kwanza (kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukimbilia), pigo la namna hiyo huweza kuwatoa wachezaji wawili kwa mara moja.

Sababu ya pili ni jicho la mpigaji. Tangu utotoni amezoea kuutafuta mpira juu, karibu na sikio la mrushaji, kisha ghafla unamjia kutoka kwenye magoti. Hata mrushaji mwenye kasi ya kawaida hupata faida hapo, kwa sababu mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua, na sehemu ya muda huo anaipoteza akiutafuta mpira.

Iko sababu ya tatu, nayo ndiyo inayonifanya niupende ufundi huu. Unampa nafasi mtu ambaye mkono wake wa juu haukutosha. Eldon Auker aliumia bega akicheza kandanda ya Kimarekani chuoni, akabadili namna ya kurusha, na mwaka 1935 alikuwa miongoni mwa warushaji wa Detroit Tigers waliotwaa ubingwa. Brad Ziegler alitakiwa kushusha mkono akiwa bado katika ligi ndogo; alipopanda ligi kuu ya Marekani mwaka 2008 alicheza inningi (vipindi vya mchezo) 39 za mwanzo bila kuruhusu hata pointi moja, jambo ambalo hakuna mrushaji aliyekuwa amelifanya kabla yake.

Je, nitaweza kushindana bila kasi kubwa?

Ndiyo, mradi uwe na shabaha. Tyler Rogers, aliyejijengea jina akiwa San Francisco Giants, hurusha mpira wake wa kasi kwa takriban kilomita 133 kwa saa, katika zama ambazo warushaji wengi wa ligi hiyo hufika 150. Dan Quisenberry wa Kansas City Royals naye hakuwa na kasi, lakini mwaka 1983 alirusha inningi 139 na kuwapa wapigaji besi ya bure, inayotolewa mrushaji akikosa shabaha mara nne, mara 11 tu.

Kiwiliwili kinainamishwaje?

Hili ndilo swali kubwa, na kosa linalofanywa hapa huharibu kila kinachofuata. Wengi hudhani kurusha kutoka chini ni kuushusha mkono. Sivyo. Kinachoshuka ni kiwiliwili, na mkono hukifuata. Mtazame mrushaji wa juu mwenye ufundi: sehemu ya juu ya mkono wake, kati ya bega na kiwiko, na kiwiliwili huunda takriban pembe mraba wakati wa kurusha. Mtazame wa nyambizi: pembe hiyo imebaki karibu vilevile, ila kiwiliwili kimelalia upande wa mkono unaorusha, ndiyo maana kiganja kiko chini. Anayebaki wima na kuushusha mkono peke yake huivunja pembe hiyo, na kazi iliyopaswa kufanywa na miguu na nyonga humwangukia bega na kiwiko.

Kwa wanafunzi wangu Waislamu mimi hutumia mfano wa rukuu, na wasio Waislamu huuelewa upesi wakionyeshwa. Katika rukuu mgongo hunyooka na kinachokunjika ni nyonga. Mwendo wa nyambizi huanza hivyo hivyo. Simama juu ya mguu wa kulia ukiwa umeuinua wa kushoto, kisha kunja nyonga huku mgongo ukiwa umenyooka, makalio yakirudi nyuma kidogo na kifua kikitazama ardhi. Hapo ndipo mguu wa kushoto hupiga hatua kuelekea kwa mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Goti lake hupokea uzito na kujikunja, kichwa huja karibu na juu ya goti hilo, na nyonga hugeuka kabla ya mabega. Mkono hutoka mwisho, kiwiko kikitangulia kiganja.

Ama mwendo wa mkono wenyewe, mtu aliyekulia ufukweni au kando ya ziwa ameshaufanya maelfu ya mara. Ni ule wa kurusha kijiwe bapa ili kiruke juu ya maji. Ukikirusha kijiwe huku umesimama wima kinazama. Ukiinama ukauleta mkono sambamba na maji, kinaruka mara tano au sita. Mwili wako unaijua tofauti hiyo tayari, na mazoezi ya mwanzo ni kuuomba uikumbuke ukiwa umeshika mpira.

Nitajuaje kama nimeinama sawasawa?

Mwombe mtu akupige picha ya video kutoka mbele, mahali pa mdakaji, na si kutoka pembeni. Simamisha video pale mpira unapotoka mkononi, kisha tazama mstari wa mabega. Ukiwa umeinama kwelikweli, bega la kulia litakuwa chini sana kuliko la kushoto na mkono utaonekana kama mwendelezo wa mstari huo. Ukiona mabega yako sawa lakini mkono umening'inia, ujue umeushusha mkono tu.

Kijana mmoja niliyemfundisha alilalamika miezi miwili kwamba mpira wake hauzami. Siku moja alinionyesha mkono wake baada ya mazoezi: nyuma ya vidole viwili vya mwisho palikuwa na mstari mwembamba wa vumbi jekundu, na ngozi ya kifundo kimoja ilikuwa imechubuka kidogo. Alidhani amekosea. Nilimwambia arudie mwendo uleule, na mpira uliofuata ukazama hadi mdakaji akalazimika kuugeuza glavu yake na kuuokota kwenye udongo. Simshauri mtu atafute kuchubuka. Nasema tu kwamba mwili ulikuwa umeinama vya kutosha kwa mara ya kwanza, na vumbi lilikuwa ushahidi.

Mpira ushikwe vipi, na nianze na mpira upi?

Anza na mpira unaozama. Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya ile mishono miwili inayokaribiana, ukiifuata kwa urefu, na kidole gumba chini yake. Usiukaze mpira kiganjani. Unapouachia, acha kidole cha shahada kiwe cha mwisho kuugusa, na usijaribu kuupindua kwa kifundo cha mkono, kwa sababu pembe ya kiwiliwili imeshafanya kazi hiyo. Kaa na mpira huu mmoja mpaka uweze kuupeleka kwenye magoti ya mpigaji mara saba katika kumi.

Wa pili ni slaida, yaani mpira unaokata kwenda pembeni, na hapa kuna jambo linalowashangaza wapigaji. Kutoka juu, slaida hushuka. Kutoka chini, mzunguko wake huwa na chembe ya kurudi nyuma, hivyo mpira huvuka bamba (alama ya ardhini ambayo mpigaji husimama kando yake) kwa upana huku ukianguka kidogo kuliko jicho linavyotarajia, na mpigaji huona kana kwamba unapanda. Mpira mmoja ukizama na mwingine ukionekana kupanda, yote ikitoka mahali pamoja karibu na ardhi, mpigaji hana kimo cha kukisia. Wa tatu ni mpira wa polepole, ambao utauhitaji hasa dhidi ya wapigaji wa kushoto.

Kwa nini wapigaji wa kushoto hunipiga kirahisi?

Kwa sababu wanauona mpira mapema. Mpigaji wa kulia husimama upande ambao mpira wako hutokea nyuma yake, hivyo humlazimu kugeuza kichwa. Wa kushoto huuona tangu unapotoka mkononi, tena ukija kumwelekea. Udhaifu huu huwafuata hata walio bora, na ndiyo sababu makocha wengi huwatumia warushaji wa nyambizi kama wa akiba, wakiwaingiza pale wapigaji wa kulia wanapofuatana. Dawa zake ni mbili: mpira wa polepole unaozama nje ya bamba, na mpira wa kasi wa mishono minne (unaoshikwa vidole vikiikatiza mishono) unaorushwa juu na ndani, karibu na mikono yake. Wa juu ni mgumu kuutawala kutoka chini. Ufanyie mazoezi kwa mwanasesere au alama ya ukutani kabla ya kumrushia mtu.

Mrusho huu huliokoa bega na kiwiko?

Imani hii imeenea mno, na nawaomba makocha waache kuwaahidi vijana hivyo. Wako warushaji wa nyambizi waliodumu sana. Kent Tekulve alicheza michezo 1,050 katika ligi kuu, yote akiingia kama mrushaji wa akiba, na mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 40, alirusha katika michezo 90 ndani ya msimu mmoja. Lakini kudumu kwa Tekulve si kinga yako. Kano za ndani za kiwiko huvutwa katika kila namna ya kurusha kwa nguvu, na mrusho wa nyambizi huongeza mzigo wake mwenyewe mgongoni, kwenye nyonga na kwenye goti la mbele.

Hesabu ya mirusho basi ifuatwe kama kwa mrushaji mwingine yeyote. Miongozo ya Pitch Smart, iliyotolewa na Major League Baseball pamoja na USA Baseball, huweka mwisho wa mirusho 75 kwa siku kwa watoto wa miaka 9 na 10, mirusho 85 kwa wa miaka 11 na 12, na mirusho 95 kwa wa miaka 13 na 14. Na kijana wa miaka 14 au chini yake aliyefikisha mirusho 66 apumzike siku 4. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko si ya kuvumiliwa. Mrushaji aache siku hiyohiyo na apelekwe kwa daktari.

Basi siwezi kurusha kila siku?

Usirushe. Mfano ninaoukumbuka kwa uchungu ni wa Byung-hyun Kim, Mkorea Kusini aliyekuwa na miaka 22 alipoichezea Arizona Diamondbacks katika fainali za mwaka 2001 dhidi ya New York Yankees. Katika mchezo wa nne aliingia inningi ya nane na kuwatoa wapigaji watatu kwa mfululizo, mpira wake ukiruka namna ambayo hawakuwahi kuiona. Akaachwa aendelee. Katika inningi ya tisa Tino Martinez alimpiga mpira ukavuka uzio na kusawazisha, na katika ya kumi, saa sita ya usiku ikiwa imepita, Derek Jeter akamaliza mchezo kwa pigo la namna hiyohiyo. Kim alikuwa amerusha mipira zaidi ya 60. Usiku uliofuata akaingizwa tena, na Scott Brosius akampiga vilevile inningi ya tisa. Timu yake ilitwaa ubingwa katika mchezo wa saba, jambo linalonifariji kila nikimkumbuka.

Kiufundi, mrushaji wa nyambizi aliyechoka huacha kuinama. Miguu ikiisha nguvu kiwiliwili huinuka kidogo kidogo, mpira unatoka juu kuliko kawaida, mzunguko unabadilika, na ule uliopaswa kuzama unabaki katikati ya eneo la straiki, yaani eneo halali mbele ya mpigaji. Kocha asitazame kasi pekee. Atazame kimo cha mkono. Ukiona umepanda kiasi cha kiganja kimoja, mwite akae.

Wakimbiaji wanaiba besi ninaporusha. Nifanyeje?

Kuiba besi ni kukimbilia besi inayofuata wakati mrushaji anarusha. Mwendo wa nyambizi ni mrefu, na wakimbiaji hulijua hilo. Punguza kimo cha mguu wa kushoto ukiwa na mkimbiaji, badilisha muda unaoushikilia mpira kabla ya kuanza, na urushe mara moja moja kwenye besi ya kwanza. Jifunze pia kuinuka haraka baada ya kurusha, kwa kuwa mwili wako umelala na mipira mingi itakurudia ardhini.

Kuna hatari kwa mpigaji?

Ipo, na haipaswi kupuuzwa. Tarehe 16 Agosti 1920, katika uwanja wa Polo Grounds mjini New York, Carl Mays wa Yankees, aliyerusha kutoka chini, alimpiga kichwani Ray Chapman wa Cleveland. Chapman alifariki siku iliyofuata. Ndiye mchezaji pekee wa ligi kuu aliyekufa kwa kupigwa na mpira wa mrushaji. Wapigaji hawakuvaa kofia ngumu wakati huo, na mipira ilitumika hadi ikawa michafu na migumu kuonekana. Kwa hiyo mazoezini asisimame mtu yeyote mbele yako bila kofia ngumu, hata kama "anasimama tu" bila kupiga. Na mpira ulioloa au kupoteza rangi uwekwe kando.

Naweza kujifunza hapa Afrika Mashariki, ambako viwanja ni vichache?

Unaweza. Mchezo upo: timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilicheza Williamsport, Pennsylvania, katika fainali za dunia za Little League mwaka 2012, na Tanzania imejengewa mchezo huu kwa ushirikiano wa karibu na Wajapani, ambao wana mapokeo marefu ya warushaji wa nyambizi. Hisashi Yamada alishinda michezo 284 kwa mrusho huu, na Tadashi Sugiura wa Nankai Hawks alishinda michezo yote minne ya fainali za Japani za mwaka 1959. Ukimpata kocha wa Kijapani, muulize habari za andasuroo, na utaona uso wake unavyong'aa.

Kuhusu uwanja, tuta rasmi lina kimo cha sentimita 25.4 na umbali hadi bamba ni mita 18.44. Kwa kujifunza, ardhi tambarare yatosha, na kwa mrushaji wa nyambizi nina maoni kwamba ni afadhali mwanzoni, kwa sababu mteremko wa tuta humharakisha kabla hajajua kuinama. Ubao uliochimbiwa ardhini utakufaa badala ya ubao rasmi. Ondoa mawe mbele yako, maana mkono utapita karibu nayo.

Wiki za kwanza nizipange vipi?

Wiki mbili za mwanzo usirushe kwa nguvu hata mara moja. Fanya mwendo wa kuinama bila mpira, mara 20 asubuhi na 20 jioni, na mazoezi ya mapaja, nyonga na misuli ya kiuno. Wiki ya tatu piga goti la kulia chini, inama, na umrushie mwenzako aliye umbali wa mita 8, taratibu, mirusho 25 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Wiki ya tano simama na urudi mita 12. Mita kamili zisubiri mpaka mwenzako aweze kuupokea mpira mara nane katika kumi bila kuisogeza glavu yake aliyoiweka mbele ya goti.